Nikon D1 leo: betri, kadi, kanzu juani na vumbi

Nikon D1, kamera ya kidijitali ya lenzi za kubadilisha, ikiwa tupu, bila betri wala lenzi, ina kilo 1.1. Ukiivisha lenzi ya 80-200mm f/2.8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) unabeba mzigo. Mwili wake ni wa aloi ya magnesiamu, na shata yake, pazia linaloruhusu mwanga uingie, ilijengwa kwa watu wa magazeti wanaopiga kuanzia asubuhi hadi usiku, ndiyo maana kamera iliyotangazwa Juni 1999 bado inaonekana sokoni ikiwa hai. Mitambo yake haisumbui sana. Anayeinunua leo atatokwa jasho kwa mambo mengine: umeme, kadi, rangi na vumbi. Ukiyajua hayo manne kabla ya kutoa hela, unapata kamera. Usipoyajua, umenunua pambo la kabati.

Kwanza iwekwe mahali pake. Mwaka 1991 Kodak walichukua mwili wa Nikon F3 wakaufunga sensa, yaani kipande kinachopokea picha mahali pa filamu, ya megapikseli 1.3, na mpiga picha akawa anatembea na kisanduku begani chenye diski ya MB 200. Hadi 1998 kamera za Kodak za namna hiyo, kama DCS 520 iliyojengwa juu ya mwili wa Canon, zilikuwa karibu dola 15,000. Magazeti makubwa yalinunua, wengine walitazama. D1 ilikuja Nikon wakiwa wameiunda wenyewe, kwa yen 650,000 huko Japani na dola kama 5,500 Marekani. Bei hiyo ndiyo iliyogeuza meza, kuliko jambo lolote lililo ndani yake.

Picha yake ni pikseli 2000 kwa 1312. Watu hucheka wakisikia megapikseli 2.7, lakini hesabu ni nyepesi: kwa nukta 200 kwa inchi, ambayo gazeti halihitaji zaidi, unapata picha ya inchi 10 kwa 6.5, sentimita 25 kwa kama 17. Kwa nukta 300 inashuka hadi inchi 6.7 kwa 4.4. Kwa hiyo kwa albamu ya kawaida inatosha. Kisichowezekana ni kukata. Ukipiga kwa mbali ukitegemea kuja kukata sura moja kutoka kwenye umati, hakuna kitu pale. Fremu ipangwe ndani ya kitazamio, tena ukijua kwamba kitazamio kinaonyesha asilimia 96 tu ya kitakachoingia. (Baadaye ilijulikana kwamba sensa hiyo ina vitundu vya mwanga milioni 10.8, vinavyounganishwa vinne vinne kutoa pikseli moja. Ndiyo siri ya D1X ya 2001 kutoa megapikseli 5.3 kwa kuviunganisha viwili viwili.)

Sasa betri, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Betri ya D1 inaitwa EN-4: volti 7.2, mAh 2000, seli sita za nikeli aina ya NiMH zilizofungwa mfululizo, kila moja volti 1.2. Seli za aina hiyo za zamani huvuja chaji hata zikikaa bure. Kupoteza asilimia 20 au 30 kwa mwezi si ajabu, na zikizeeka hupoteza zaidi. Kwa hiyo betri uliyochaji Jumatatu usiitegemee kwenye harusi ya Jumamosi. Ichaji usiku wa kuamkia kazi.

Dalili ya betri iliyochoka ni moja: kamera inawaka na alama ya betri inaonyesha imejaa, unapiga picha tano, unawasha skrini kutazama, kila kitu kinazima. Fundi asiyeijua atasema bodi imekufa. Kabla hujamlipa, shika mita ya kupimia volti. Chaji betri, iache saa moja nje ya chaja, kisha pima. Ikiwa nzima itasoma zaidi ya volti 8, kwa sababu seli ya NiMH iliyojaa huwa na volti 1.35 hadi 1.4. Ikisoma karibu na 7, seli moja imekufa na tano zilizobaki zinaibeba.

Lakini mita peke yake hudanganya, maana betri isiyofanya kazi yoyote huonekana nzima. Ipe mzigo. Taa ya indiketa ya bodaboda, ile ya volti 12 wati 10, inafaa sana: kwa volti 7.2 inakula kama ampea 0.6, hivyo betri yenye mAh 2000 za kweli inapaswa kuiwasha takriban saa tatu. Ikifa ndani ya dakika ishirini, umejua umenunua nini. Muhimu, usiiache taa iinyonye hadi mwisho. Volti zikifika 6, toa. Ukiendelea, seli iliyo dhaifu kuliko wenzake inaisha kwanza, kisha zile nyingine zinaisukumia umeme kinyumenyume, na hapo haitapona.

Kuna wanaobadilisha seli ndani ya ganda lilelile. Inawezekana, ila kwa utaratibu. Ganda hupasuliwa polepole kwenye mshono, si kwa nyundo. Chora kwanza jinsi seli zilivyolala na waya zinavyopita. Nunua seli sita za aina moja, siku moja, za kizazi kipya kisichovuja chaji haraka, zikiwa tayari na vipande vya nikeli vya kuungia. Usiweke chuma cha moto cha kulehemu moja kwa moja kwenye kichwa cha seli: joto linaharibu muhuri wa ndani, na seli inaanza kutoa chumvi nyeupe baada ya miezi michache. Kile kidude kidogo kinachopima joto, chenye waya wake mwembamba, kirudishwe kigusane na seli kama kilivyokuwa. Chaja hukitegemea kujua lini isimame. Ukikiacha kinaning'inia, chaja itaendelea kusukuma umeme kwenye betri iliyojaa hadi ganda livimbe. Kwa sababu hiyohiyo, usichaji kwenye chumba chenye joto kali wala betri iliyotoka juani. Iache ipoe kwanza.

Kadi ni CompactFlash, na mlango wake unapokea hata zile nene. D1 inasoma FAT16, mfumo wa zamani wa kupanga faili, kwa hiyo kadi isizidi GB 2. Kadi ya GB 16 uliyoipata kwa bei ya maandazi haitakusaidia. Ya MB 512 au GB 1 inatosha kabisa: faili ghafi, yaani NEF, ni kama MB 4, hivyo GB 1 inabeba takriban 250. TIFF ya rangi kamili inafika karibu MB 8 na haikupi chochote ambacho NEF haikupi, iache. Vifaa vya kugeuza kadi ndogo za SD ziingie kwenye tundu la CompactFlash ni bahati nasibu kwenye kamera hii. Format ifanyike ndani ya kamera, isifanywe kwenye kompyuta.

Ukinunua ya mkononi, mulika tundu la kadi kwa tochi ya simu kabla ya jambo lolote. Mle ndani kuna pini 50 nyembamba zilizopangwa safu mbili. Mtu aliyewahi kulazimisha kadi ikiwa imeelekea upande siyo atakuwa ameinamisha moja. Pini iliyoinama bila kuvunjika inaweza kunyooshwa: chukua penseli ya kubonyeza ya milimita 0.5, toa risasi yake, kisha tumia ule mrija wa chuma wa ncha kuivisha pini na kuiinua polepole hadi ilingane na majirani zake. Betri iwe nje wakati huo. Iliyovunjika ni kazi ya kubadilisha soketi nzima, na bei ya kazi hiyo mara nyingi inazidi ya kamera.

Tuje kwenye mwanga. Sensa ya D1 ni ya aina iitwayo CCD, na tabia yake inafanana zaidi na filamu ya slaidi kuliko negativu. Kivulini utachimba na kupata kitu, japo na chengachenga. Upande wa weupe, ikishaungua imeungua, hakuna programu itakayorudisha nyuzi za kitambaa ambazo hazikurekodiwa. Wanaotoka kwenye kamera za leo ndipo wanapojikwaa, kwa kuwa wamezoea kusamehewa.

Chukua mfano wa mwanaume mwenye kanzu nyeupe amesimama juani saa sita mchana. Ukipima mwanga kwa nukta moja usoni, na uso ni mweusi, kamera itafungua zaidi kuung'arisha, na kanzu itakuwa karatasi tupu isiyo na mshono wala kifungo. Ukiiachia kamera ipime fremu nzima, huenda ikaokoa kanzu au isiiokoe, kutegemea kanzu imechukua eneo gani. Njia ya uhakika ni kuweka upimaji wa nukta, elekeza kwenye sehemu ya kanzu inayopigwa na jua, kisha ongeza hatua 1.7 juu ya kipimo hicho (hatua moja ni mwanga maradufu). Kipimo peke yake kitaifanya kanzu kuwa ya kijivu, hatua 1.7 zinaipandisha iwe nyeupe huku nyuzi zikibaki. Tazama grafu ya mwanga kwenye skrini na ile alama ya kuwakawaka penye weupe uliopitiliza. Kifungo kimoja kikiwakawaka si neno. Bega zima likiwakawaka, punguza hatua 0.3 upige tena.

Uso sasa utakuwa na giza, na hapo ndipo D1 inapozishinda hata kamera zilizokuja miaka mingi baada yake. Flashi inakubaliana na shata hadi 1/500 ya sekunde. Kamera nyingi za kitaalamu huishia 1/250. Sababu ni kwamba kwenye D1 shata ya chuma haifanyi kazi peke yake: CCD inawashwa na kuzimwa kwa umeme, ndiyo maana kasi yake ya juu inafika 1/16000. Faida yake kwa mtu wa harusi ni ya pesa kabisa. Juani kwa ISO 200 (ISO ni usikivu wa sensa kwa mwanga) mwanga sahihi ni 1/200 kwa f/16, sawa na 1/500 kwa f/10. Aliyebanwa kwenye 1/250 lazima afunge hadi f/14, na flashi yake lazima itoe nguvu maradufu kwa uso uleule.

Kwa vitendo: flashi kama SB-28 ina namba ya mwongozo, yaani kipimo cha nguvu yake, ya 36 kwa ISO 100 kichwa kikiwa kimewekwa kwa lenzi ya 35mm, yaani kama 50 kwa ISO 200. Gawanya kwa f/10 unapata mita 5 kwa nguvu zote. Mtu akiwa mita 2.5, robo ya nguvu inalingana na jua lenyewe. Ukitaka uso ujazwe tu bila kuonekana umepigwa flashi, weka 1/8 ya nguvu. Betri za flashi zitakushukuru.

Ila flashi hiyo iendeshwe kwa mkono au kwa otomatiki yake yenyewe. TTL ya zamani, yaani kamera kupima mwanga wa flashi kupitia lenzi, ilisoma mwanga unaorudi kutoka kwenye filamu, na hapa filamu haipo. D1 ilihitaji flashi za mfumo mpya wa wakati ule, kuanzia SB-28DX, kisha SB-50DX na SB-80DX. SB-800 na SB-600 nazo zinaelewana nayo. SB-900 na wadogo zake hazielewani nayo kwa TTL, hata zikikaa vizuri kwenye kiatu cha flashi juu ya kamera.

Kasi ya umeme ina gharama. Jua au taa kali ikiingia kwenye fremu kwa kasi kubwa ya shata, utaona mstari mweupe wa wima unaokatiza picha kutoka juu hadi chini. Si ubovu wa kamera. Chaji inamwagika kwenye njia za CCD wakati wa kusomwa. Punguza kasi ya shata na ufunge lenzi zaidi, au sogea hatua mbili jua lijifiche nyuma ya mti.

ISO yake huanzia 200. 400 ni safi. 800 inatumika ukiwa umepata mwanga sawasawa. 1600 ni ya dharura, na picha iliyopigwa gizagiza kwa 1600 kisha ikainuliwa kwenye kompyuta inatoa mistari kivulini ambayo haiondoki.

Rangi ndiyo iliyoipa D1 sifa mbaya. JPEG zake zilitengenezwa kwa wigo wa rangi wa NTSC, ule wa televisheni ya Marekani, na faili halisemi hivyo popote. Programu inapolifungua inadhani ni sRGB, wigo wa kawaida wa kompyuta, na matokeo yake ni ngozi zilizopooza zenye uzambarau ambao watu walizoea kuulaumu mwanga. Dawa ni hatua mbili, kwa mpangilio huu: kwanza lipe faili utambulisho wa NTSC bila kubadilisha namba za pikseli, kisha ligeuze kwenda sRGB. Ukiruka hatua ya kwanza ukageuza tu, umegeuza uongo kuwa uongo mwingine. Anayepiga NEF anakwepa shida hii karibu yote, kwa sababu rangi zinapangwa upya na programu ya kisasa inayoijua D1, na nyingi zinaijua. Kwa maoni yetu hakuna sababu ya kupiga JPEG na kamera hii leo, isipokuwa unataka kasi: picha 4.5 kwa sekunde, mfululizo wa 21, yaani sekunde chini ya tano kisha unasubiri.

Mizani ya weupe ya otomatiki usiiamini ndani ya ukumbi wenye taa za rangi tatu. Weka yako kwa karatasi nyeupe iliyoshikwa pale anaposimama mhusika.

Skrini ya nyuma ni inchi 2, nukta 120,000, na haikuzi picha. Huwezi kuhakikisha fokasi pale. Piga mbili mbili penye umuhimu, basi.

Vumbi. D1 ilitoka kabla ya kamera kujitikisa sensa zenyewe, hivyo kila ubadilishapo lenzi unakaribisha wageni. Kuliona, funga lenzi hadi f/22, vuruga fokasi, piga anga au karatasi nyeupe, kisha tazama kwenye kompyuta. Ukikaa mbele ya kamera ukichungulia ndani, juu na chini vimegeuzwa ila kulia na kushoto vimebaki: doa lililo juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto kwenye sensa.

Ili kioo kilicho mbele ya sensa kinyanyuke kwa ajili ya usafi, D1 inadai adapta ya umeme ya EH-4, betri haikubaliki. Wengi hawana, wakatumia njia ya mkato ya kushikilia shata wazi kwa muda usio na kikomo. Hapo betri yetu ile iliyochoka ikizima katikati, shata inafunga juu ya kijiti, na pazia likishakunjika kamera imekwisha. Tafuta adapta.

Anza na pampu ya mpira, kamera ikitazama chini, vumbi lidondoke. Usipulize kwa mdomo, na makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta yanatema kimiminika kinachoganda. Doa lisilotoka kwa hewa linahitaji kijiti cha kitambaa kisicho na nyuzi, upana kama milimita 16, kwani sensa ina urefu wa 15.6. Matone mawili tu ya methanoli safi, yasizidi. Futa mara moja kutoka ncha hadi ncha, geuza kijiti, rudi kwa upande ulio safi, kisha kitupe. Unachogusa si CCD yenyewe ila kioo cha kichujio kilicho mbele yake, ambacho kikikwaruzwa hakina dawa ya bei rahisi.

Lenzi ni habari njema. Mota ya fokasi imo ndani ya mwili, hivyo AF-D, lenzi za zamani za fokasi ya otomatiki, zote zinafanya kazi. Za mkono aina ya AI zinaingia na zinapimiwa mwanga kwenye A (unachagua tundu, kamera inachagua kasi) na M (unachagua vyote). Za kabla ya AI usizilazimishe, zitavunja kidole kidogo cha kamera kinachosoma tundu la lenzi. Lenzi mpya za AF-P, na zile zenye herufi E zinazofunga tundu kwa umeme, zisahau. Urefu wote wa lenzi zidisha kwa 1.5 ili kuulinganisha na kamera ya filamu: 50mm inakuwa kama 75, na 17-35 iliyotoka pamoja na D1 inakuwa 25 hadi 52. Lenzi za DX zilizotengenezwa kwa sensa hii zilianza 2003, hivyo upana wa kweli wanaomiliki D1 waliungoja miaka minne.

Mipangilio ya ndani haina maneno, ni namba tu kwenye kidirisha cha nyuma. Chapisha jedwali la namba hizo ulibandike ndani ya kifuniko cha mkoba. Na ukinunua ya mkononi, rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani kwanza. Mengi yanayoitwa ubovu ni mapendeleo ya mwenye nayo wa zamani.

Ikilala, betri itolewe. Kwa watu wa Tanga, Mombasa au Unguja, adui wa lenzi ni unyevu: ukipita asilimia 60, kuvu huota kati ya vioo. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, gramu 200 za silika na kipimo kidogo cha unyevu vinatosha. Sindano ikae kati ya 40 na 50. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Iweke kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, ipoe ikiwa imefunikwa, irudishe. Mpira wa kishikio ukiwa umeanza kuachia, futa gundi ya zamani kwa spiriti, ubandike kwa tepu nyembamba ya pande mbili. Gundi ya papo kwa papo inatoa mvuke mweupe unaoganda kwenye kitazamio.